Vipimo vya marubani Lubumbashi: macho safi, masikio angalia jenereta

Kwa rubani wa zamani wa jeshi anayejiuliza kama arudi kazini, kabineti hii ya daktari, katikati ya Lubumbashi, ni mahali pazuri pa kuanzia kabla ya kujaza karatasi yoyote. Macho wanayapima vizuri: kiwango cha kuona mbali ni 6/9 kila jicho, 6/6 yote pamoja, miwani ruksa. Kipimo cha moyo hakiharakishwi.

Shida ni masikio. Umeme ukikatika, jenereta inanguruma nyuma tu ya ukuta wa chumba cha kupimia, na kelele hiyo inafunika sauti nzito. Kwa hiyo omba mchoro wa matokeo ya masikio uusome mwenyewe. Daraja la kwanza la ICAO, shirika la kimataifa la usafiri wa anga wa kiraia, haliruhusu hasara ya usikivu inayozidi desibeli 35 kwenye hezi 500 (sauti nzito), 1000 na 2000, wala 50 kwenye 3000 (sauti nyembamba). Ukianguka kwenye 500 peke yake, dai upimwe tena umeme ukirudi. Ukianguka kwenye 3000, mara nyingi hiyo ni kelele ya helikopta ya miaka mingi, na haiponi. Usitoke uwanja wa ndege wa Luano moja kwa moja kuja kupimwa. Lala kwanza mbali na injini.

Cheti cha afya unachopata ni cha kiraia, kwa kawaida miezi 12. Jeshi lina madaktari wake na vigezo vyake. Malipo ni dola, na noti iliyochanika hawapokei kabisa.