Seti ya umeme wa mawimbi: koili safi, boya hovyo

Nimemnunulia mdogo wangu hii seti kwa projekti yake ya sayansi, wimbi la beseni linapandisha na kushusha boya lenye sumaku ndani ya koili, yaani waya uliozungushwa, na umeme unatoka, ni ile yenye picha ya boya juu ya maji na taa inawaka kama mchana. Nianze na hiyo picha maana ndo inayowaingiza watu mkenge, taa haiwaki hivyo kwenye beseni, na ukifuata kijitabu chao neno kwa neno haiwaki kabisa.

Sababu ni hii. Volti inayotoka kwenye koili inategemea mizunguko ya waya, nguvu ya sumaku na kasi ya sumaku kupita humo ndani, kanuni ileile ya mwanasayansi Faraday ya 1831. Mizunguko ipo 600, sumaku ni neodimiamu na ni kali kweli, ila wimbi la beseni linapanda na kushuka taratibu, kama mara moja kwa sekunde, kwa hiyo unachopata ni sehemu ndogo tu ya volti 1. LED nyekundu, yaani taa ndogo ya kielektroniki, inataka kama volti 1.8 ndo ianze kuonyesha uhai, nyeupe inataka karibu 3, sasa hawa jamaa wameweka nyeupe! Halafu wakaongeza dayodi 4 za silikoni, vipande vinavyopitisha umeme upande mmoja tu, za kugeuza AC (umeme wa kwenda na kurudi) iwe DC (wa upande mmoja), umeme unapita kwenye mbili kwa wakati mmoja na kila moja inakula kama volti 0.7. Yaani hata hicho kidogo ulichozalisha kinaishia njiani. Ukiitikisa kwa mkono kwa nguvu zote inapepesa kidogo, basi.

Sasa koili, hapo nawapa hongera zao. Imezungushwa kwa mashine, imelala vizuri, na ina ncha tatu, unaweza kutumia mizunguko 300 au yote 600. Hii ndo thamani yenyewe ya seti kwa mwanafunzi, maana anapata kitu cha kubadilisha na kitu cha kupima, na majaji wa maonyesho ya sayansi hawaulizi kama taa imewaka, wanauliza umebadilisha nini na ukaona nini. Ila kijitabu hakisemi kwamba waya una vanishi ya kuzuia umeme, kwa hiyo kabla ya kuunganisha chukua msasa usugue ncha polepole ukizungusha waya katikati ya vidole mpaka ile rangi nyekundu iliyoiva itoke na shaba ya kung'aa ionekane pande zote. Bila hivyo utakaa unalaumu sumaku bure.

Boya ndo hovyo. Ni kipande cha povu kimegundishwa kwenye kijiti chenye sumaku, kijiti kinapita kwenye bomba, wimbi likija kwa pembeni boya linainama, kijiti kinakwama na ukikigusa kinaachia kwa mshtuko. Sisi tuliling'oa tukaweka mkono wa mbao wenye egemeo, boya kubwa upande mfupi na sumaku upande mrefu. Upande wa sumaku ukiwa mara nne ya ule wa boya, sumaku inakwenda kwa kasi mara nne na volti inapanda hivyohivyo, ila boya liwe kubwa la kutosha kuusukuma huo mkono. Dayodi tulizitoa, tukaweka LED nyekundu mbili zilizogeuziana miguu, moja inashika umeme wa kwenda na nyingine wa kurudi. Mawimbi madogo bado hayatoshi kuziwasha, hayo pima kwa galvanomita, kipimo cha umeme mdogo chenye mshale, iwe na sifuri katikati, mshale unavyocheza kushoto na kulia unaeleza AC kuliko hotuba yoyote. Multimita ya dijitali itakurukiaruka tu namba.

Kingine ambacho hakimo kwenye boksi ni sponji. Wimbi linagonga ukuta wa beseni linarudi na kuvuruga linalokuja, sponji nene upande wa mwisho inalimeza. Na tumia maji ya kawaida yasiyo na chumvi, chumvi inaingia penye mkwaruzo kwenye ganda la sumaku na kutu inaanza.

Ukurasa wa historia unamtaja Stephen Salter wa Edinburgh na "bata" wake, kifaa cha kuelea cha kuzalisha umeme wa mawimbi, wa miaka ya 1970, sawa, ila wangeweka na Mutriku kule Hispania, kituo kilichoanza 2011 chenye turbini 16 na kilowati 296, ambako mawimbi yanasukuma hewa na hewa ndo inazungusha turbini, mtoto angejua kwamba boya sio njia pekee.

Sumaku zipo mbili, moja ya akiba, na zikikutana na ngozi ya kidole katikati utaruka. Kama nyumbani kuna mtoto mdogo zifungie kabisa, maana akimeza zote mbili zinaweza kuvutana ndani ya utumbo na kuutoboa, hiyo ni safari ya hospitali moja kwa moja. Boksi halina onyo hata mstari mmoja, na kwa hilo nimewakata nyota nzima, zimebaki 3.