Vipuli vya nusu-lulu kutoka Fumba: lulu safi, kulabu hafifu

Nimevinunua kwa kikundi kimoja cha kina mama upande wa Fumba, Unguja, shilingi elfu thelathini na tano. Niliomba nipunguziwe, bibi muuzaji akacheka: "Hapana mwanangu, hii si kazi ya siku mbili."

Akanionyesha. Chaza mweusi akiwa hai hugandishwa kipande cha plastiki, mfano wa gololi iliyokatwa nusu, upande wa ndani wa gamba. Kisha hurudishwa baharini kwenye kamba, akae miezi kadhaa, hata mwaka. Hatembei kutafuta chakula. Huvuta maji, akachuja vijimea visivyoonekana kwa macho, na huku akikifunika kile kipande kwa tabaka za lulu ileile anayopakia gamba lake. Kazi ya kina mama ni kumsugua, maana sponji na viumbe vingine humvamia wakamziba. Tena wanaanza upya kila mara. Kwa jasho hilo, bei ni halali.

Rangi imenivutia kuliko lulu za dukani: fedha yenye kijani cha mbali pembezoni, na vipuli viwili havifanani sawasawa. Mie napenda hivyo.

Kulabu sasa! Nyembamba, zimeshaanza kubadilika rangi. Nimezipeleka kwa sonara Darajani, katia za fedha. Kidani sikukichukua, vanishi imezidi. Ukivinunua, jipulizie manukato kwanza, uvivae mwisho. Lulu huharibika kwa marashi na siki.