HiAce ya taksi imegeuka chumba: mafundi wa Katwe nawapa nyota nne, ya tano imebaki kwenye waya

Mimi nauza vitenge kwenye magulio, leo niko Busia, wiki ijayo Soroti, baadaye nimeshuka Pakwach au nimepanda Kapchorwa, na mtu wa kazi hii anajua faida inaishia wapi, inaishia loji. Unalipa chumba, unalipa tena mahali pa kuweka mzigo, halafu usiku hulali kwa sababu mzigo uko stoo na ufunguo wa pili anao mtu usiyemjua. Ndo maana nikanunua HiAce kuukuu iliyokuwa taksi, ile sura ya zamani yenye injini chini ya viti vya mbele, nikaipeleka gereji moja Katwe, hapa Kampala, si mbali na barabara ya Entebbe, wanigeuzie iwe chumba cha kulala chenye stoo ya mzigo na jiko. Njiani watu wananiuliza sana kuhusu hili gari, basi naandika yote hapa.

Kwanza kwa nini gari la zamani. Tangu sheria ya 2018, gari lililofikisha miaka 15 toka kutengenezwa haliruhusiwi kuingia Uganda, kwa hiyo hizi HiAce za zamani zilizopo ndo hizo hizo, hazitaongezeka, na taksi nyingi zinauzwa bei ya chini bodi ikiwa bado nzima kwa sababu mwenyewe amechoka na springi na geaboksi. Spea zake zimejaa Kisekka, lile soko la spea za magari Kampala. Halafu ni gari lililozoea uzito, taksi inabeba abiria 14, ukiwahesabia kilo 65 kila mmoja hapo tayari ni kilo 910 bila mizigo yao. Ukijenga chumba chako kikakaa chini ya hapo, gari halitalalamika. Mimi nilimwambia fundi hilo mapema, kwamba vitenge vyangu ni vizito, kwa hiyo sitaki kabati la mbao ngumu ndani, kila kitu kiwe chepesi.

Yule fundi mkubwa ni mzee wa kimya, vijana wake ndo wanaongea. Nilipomuuliza ukutani ataweka nini akaniambia kwa Kiswahili chake cha Kampala, "Nyabo (yaani mama), mimi siweki kitu inakunywa maji." Na hapo ndo nikajua nimefika kwa mtu. Maana gereji zingine mbili nilizopita kabla ya hapo wote walitaka kubandika sponji za magodoro ya zamani na trei za mayai, wakisema ni bei poa na inazuia joto. Sasa sikia, ukilala ndani ya gari umefunga madirisha, pumzi yako yote ina maji, na usiku bati la gari linapoa, hasa kule juu Kapchorwa au Kabale ambako ni kama mita 2,000 na baridi yake si ya mchezo, yale maji yanashika kwenye bati na asubuhi linatoka jasho. Sponji inayanywa yote inayashika hapo hapo kwenye chuma, haikauki, kutu inaanza nyuma ambako huoni, na harufu ya ukungu inaingia kwenye nguo. Kwangu mimi hiyo ni hasara ya moja kwa moja, nani atanunua kitenge kinanuka ukungu. Trei za mayai ndo karatasi tupu, zinalowa na zinashika moto haraka. Na hiyo sponji ikiungua moshi wake ni sumu, unamaliza mtu kabla moto haujamfikia. Kwa hiyo naomba mtu asikushawishi.

Alichofanya yeye ni hiki. Alitoa silingi yote ya zamani, akakwangua kutu, akapaka rangi ya kuzuia kutu, akaacha ikauke vizuri. Kisha akapiga fito nyembamba kwenye mbavu za gari ili chochote kitakachofuata kisiguse bati, pabaki nafasi ya hewa. Juu ya fito akaweka pleti za alumini za mashine za kuchapia, zile zilizokwisha kazi, wanazinunua kwa kilo kwa watu wa Nasser Road, mtaa wa Kampala ambako karibu kila mlango ni mtu wa kuchapa. Bado zina kivuli cha maandishi, upande wangu wa kushoto kuna kalenda na kadi ya mwaliko wa harusi. Ule upande uliochapiwa umefifia, wa nyuma ndo unang'aa, basi wa kung'aa ndo unaelekea kwenye ile nafasi ya hewa upande wa bati, kwa sababu alumini inayong'aa inalirudisha joto la bati lisije ndani kirahisi, lakini lazima iwe na hewa mbele yake, ukiibandika moja kwa moja kwenye bati haifanyi kazi yoyote, joto linapita tu. Watu wengi wanakosea hapo wananunua karatasi ya kung'aa ya bei kali halafu wanaigundisha kwenye bati. Chini kabisa ameacha wazi na yale matundu ya asili ya kutolea maji kwenye milango hakuyaziba, jasho likitoka linashuka linaondoka zake.

Kitu kimoja, pleti zinapiga kelele. Njia ya vumbi kila kitu kinatetema. Vijana wakakata vipande vya tyubu za ndani za baiskeli, zile zile ambazo boda wote wanafungia mizigo, wakaweka kila mahali pleti inapokutana na fito, sasa hivi kimya. Hizo tyubu zimetumika kila sehemu kwenye hili gari, zinafunga milango ya kabati isifunguke kwenye kona, zinashika majerikani, zinashika sufuria.

Nyuma ya pleti, upande wa ndani ya gari, ndo mafunjo. Hapa nilifurahi sana. Sisi tunayaona mabwawani kila siku, tunayaona kwenye mikeka na uzio na silingi za nyumba za watu wa kawaida, hatuyaheshimu. Lakini vunja bua la funjo uangalie ndani, ni jepesi, jeupe, limejaa vitundu vya hewa, na hewa iliyotulia ndiyo inayozuia joto. Alinunua mikeka yake mizito ile inayoshonwa kwa kamba, akaianika juani mpaka ikakauka kabisa, akaipanga mara mbili kwenye paa na mara moja kwenye kuta. Uzito wake karibu hakuna. Pakwach saa nane mchana, mtu anayejua joto la pale kando ya Nile ananielewa, ndani bado kuna joto sitadanganya, lakini naweza kukaa nikahesabu pesa mlango ukiwa wazi, wakati gari la jirani yangu huwezi kuegemea hata ukuta wake kwa ndani.

Halafu akamalizia kwa lubugo. Kile kitambaa cha gome la mti wa mutuba ambacho Waganda wanatengeneza toka enzi za wafalme wao, wanalibandua gome msimu wa mvua, wanalipigapiga kwa nyundo za mbao mpaka linatanuka, na shina wanalifunika kwa majani ya migomba ili gome lingine liote, mti haufi. UNESCO walikitambua 2005 na 2008 kikaingia kwenye orodha yao ya urithi wa binadamu. Mimi si Mganda na mwanzoni nilisita, kwa sababu najua kinatumika kuzika watu na kwenye mambo ya heshima, nikamuuliza mzee kama si kukosa adabu kulala chini yake. Akasema zamani watu walivaa, wakajifunika, wakagawia vyumba, na yule anayekitengeneza anataka kiuzwe ale. Nikakubali. Leo ndo kitu napenda kuliko vyote ndani ya gari, rangi yake ya udongo mwekundu inatuliza macho, kinameza kelele, na unyevu kinaupumua kinauachia, hakibaki na majimaji. Kasoro yake, ukikivuta vibaya kinachanika, na si cha kufua, kwa hiyo karibu na jiko hakuna lubugo wala mafunjo, pale kote ni pleti tupu kwa sababu vyote viwili vikikauka vinashika moto. Asiyetenganisha hivyo usimpe kazi.

Mbele pia wamefanya kazi nzuri mno. Si unajua HiAce hizi dereva amekalia injini, safari ndefu mapaja yanaiva. Walichukua sufi ya kioo kutoka kwenye ovena mbovu ya beka, ile haiungui, wakaifungia kati ya pleti mbili chini ya viti na kuziba pembe zote kwa sababu inawasha ngozi na si ya kuvuta puani. Walivaa glavu na barakoa, nilipenda hilo.

Kitanda ni fremu za viti vya taksi zenyewe, zimekatwa zikaunganishwa zikarudishwa kwenye bolti zao za sakafuni, kwa hiyo ukikanyaga breki kitanda hakikufuati shingoni. Badala ya mbao wakasuka mikanda ya viti iliyotoka kwenye magari mabovu, godoro juu yake linapata hewa chini halioti ukungu. Chini ya kitanda ndo vitenge vyangu vinalala, ndani ya magunia ya kahawa, yale ya kilo 60. Ila vimetoka na harufu ya kahawa, kwangu sawa.

Maji ni jerikani mbili za njano, kila moja lita 20, na pampu ni ile ndogo ya kurushia maji kwenye kioo cha gari. Inafanya kazi ukiibonyeza kidogo kidogo, haikutengenezwa ili iwake dakika nzima itaungua, na mimi nilisisitiza iwe mpya, siyo ya skrapu iliyopitisha masabuni. Ya kunywa nabeba pembeni.

Sasa umeme. Hapa ndo nyota moja imeanguka na sitapunguza maneno. Kijana wa umeme siye yule mzee, ni mtu wanayemwita tu kazi ikifika. Alifunga betri, paneli ya sola juu, taa, feni na chaja za simu, kila kitu kikawaka, wote tukapiga makofi. Nikafuata waya kwa mkono mpaka kwenye betri, nikakuta hakuna fyuzi hata moja, na waya wenyewe ni mwembamba ule wa spika, umepita kwenye tundu la bati bila raba. Gari linatetema, bati linakula ganda la waya taratibu, siku moja shaba inagusa bodi, na betri ya gari ina nguvu ya kuufanya waya uwe mwekundu ndani ya sekunde chache. Nyuma ya waya kuna mafunjo makavu! Niliwaambia sitoki na gari hivyo. Mzee alimwita yule kijana mbele yangu akamfanya atoe yote, akaweka fyuzi karibu kabisa na betri kwenye waya wa chanya, na zingine ndogo kwa kila laini, waya mnene wa shaba, na kila tundu likawekwa kipande cha tyubu. Walirekebisha bila kunidai shilingi, hilo nawapongeza, lakini je, mteja asiyejua kuangalia? Angelala juu ya hatari na watoto wake. Kila gereji inayotengeneza magari ya kulala lazima iwe na fundi umeme wa kudumu, hili nalisema kwa uchungu kabisa.

Na kama nyinyi mnapika, tafadhali sigiri, yaani jiko la makaa, isiingie ndani hata kama kuna baridi, hata kama umeacha dirisha nusu. Gesi ya makaa haina harufu, unasinzia tu. Mimi sigiri yangu inawaka nje chini ya turubai, ambalo ni bango la plastiki la matangazo lililoshushwa, wamelifunga kwenye paipu juu ya mlango wa ubavuni, mvua haipiti. Ndani nina jiko dogo la gesi la chai ya asubuhi, na wametoboa tundu sakafuni chini ya mtungi, kwa sababu gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa, ikivuja inashuka chini itafute pa kutokea. Madirisha yana neti ya mbu inayotoka na kufuliwa.

Muda ndo waliniambia wiki tatu, ikawa karibu mara mbili yake, kesho kesho nyingi, lakini sababu moja kubwa ilikuwa mvua na mzee kukataa kufunga mafunjo mabichi, kwa hiyo nusu ya kuchelewa nawasamehe. Ufundi walichukua shilingi za Uganda milioni moja na laki nane, vifaa nilinunua mwenyewe nikiwa na kijana wao na havikufika milioni.

Ukienda, nenda msimu wa kiangazi, vitu vikauke. Toa michoro ya taksi na urekebishe karatasi za gari kabla hujaanza kulitumia, trafiki wataiona ile miraba ya bluu toka mbali. Vifaa nunua wewe, usitoe pesa yote mbele, na siku ya kuchukua gari beba tochi, anzia kwenye betri ufuate kila waya mpaka mwisho wake. Mimi narudi kwao baada ya mvua hizi, nataka waniwekee tundu la hewa lenye feni kwenye paa, mzee ameshasema atatumia feni ya rejeta ndogo, na safari hii umeme nitaenda na fundi wangu kutoka Busia.