LDL na Lp(a): Chembe Mbili za Kolesteroli, Hatari Mbili kwa Moyo

Chembe za LDL (zenye kolesteroli iitwayo “mbaya”) na za Lp(a), yaani lipoprotini(a), zote ni chembe za mafuta na protini katika damu; hubeba kolesteroli na kuiacha katika kuta za ateri, lakini tabia zake hutofautiana sana. Kiwango cha LDL hubadilika kwa chakula, uzito na dawa, na statini (dawa za kupunguza kolesteroli) zenye nguvu huweza kukipunguza kwa nusu. Lp(a), iliyogunduliwa na Kåre Berg wa Norwei mwaka 1963, hufanana na LDL iliyofungwa protini ya ziada, na kiwango chake huamuliwa kwa sehemu kubwa mno na jeni moja ya kurithi, hata mtu anayekula kwa uangalifu na kufanya mazoezi kila siku anaweza kuishi na kiwango cha juu bila dalili yoyote. Statini hazikishushi.

Takribani mtu 1 kati ya 5 duniani ana kiwango cha juu cha Lp(a), na watu wenye asili ya Afrika kwa wastani huwa na Lp(a) nyingi kuliko Wazungu, jambo linalopaswa kutushughulisha zaidi. Kwa maoni yangu, kipimo chake, ambacho kwa watu wengi hutosha mara moja maishani, kisingoje ndugu apatwe na mshtuko wa moyo. Anayekutwa na kiwango cha juu ana sababu kubwa zaidi ya kudhibiti LDL na shinikizo la damu, na kuacha sigara.