Nimejaribu zana tatu za kusimamia mikataba kwenye ligi ya dainasti

Tazameni huu mstari wa njano. Puka Nacua, mpokeaji wa timu ya Rams, mshahara dola 1, mkataba mwaka 1. Hii ni picha ya jedwali la timu yangu msimu wa 2023, na kila nikiifungua roho inaniuma. Leo naifungua mbele yenu tuumie wote.

Karibuni wadau. Leo ni uchambuzi wa zana za kusimamia mikataba ya wachezaji kwenye ligi za fantasi za futiboli ya Kimarekani, ambako tunaunda timu za kufikirika kwa wachezaji halisi, hasa zile ligi za kudumu wanazoziita dainasti. Nimejaribu tatu: jedwali la Google Sheets, tovuti ya MyFantasyLeague, na programu moja ya simu ambayo jina lake nitabaki nalo moyoni.

Wengi wetu tumelelewa na FPL, fantasi ya Ligi Kuu ya Uingereza. Unapewa pauni milioni 100, unasajili watu 15, ukivurunda wiki hii unarekebisha wiki ijayo, na Agosti ikifika wote mnaanza upya kana kwamba hamjawahi kugombana. Dainasti haina huruma hiyo. Kikosi ni chako mwaka hadi mwaka, na ikiwa ligi yenu ni ya mikataba, kila mchezaji ana mshahara na ana mwaka wa kuondoka.

Ligi yetu ina timu kumi, Watanzania na Wakenya tunaoishi huku Marekani, pamoja na Wamarekani wawili tuliowavuta kazini. NFL yenyewe, ile ligi halisi ya Kimarekani, mwaka 2025 iliweka kikomo cha mishahara cha dola milioni 279.2 kwa kila timu. Sisi tuna dola 200 za kuandika tu. Mnada ndio unaopanga mshahara. Mnada ukiisha, mwenye timu anachagua miaka, kuanzia mmoja hadi minne, lakini jumla ya miaka kwa kikosi kizima haizidi 45. Ukimtema mtu kabla mkataba haujaisha, nusu ya mshahara wake inabaki shingoni kwako kila mwaka uliobaki. Wamarekani wanaiita pesa iliyokufa. Kwenye kundi letu la WhatsApp mtu mmoja aliita "mshahara hewa", na jina likaganda, maana sote tunakumbuka wafanyakazi hewa kule nyumbani, wale waliolipwa bila kuwepo kazini.

Piga hesabu. Umemsajili mkimbiaji, yule anayebeba mpira mkononi, kwa dola 48, miaka minne. Mwaka wa kwanza ukiisha goti limekwenda, unamtema. Unabaki na dola 24 za hewa mwaka wa pili, 24 wa tatu, 24 wa nne. Hiyo ni asilimia 12 ya kikomo chako, miaka mitatu mfululizo, kwa mtu ambaye hata hayupo kambini.

Sasa turudi kwa Nacua, maana hapo ndipo nilipojifunza kuzipima hizi zana. Kwenye drafti ya 2023, pale timu za NFL zinapochagua wachezaji wapya kwa zamu, Rams walimchukua raundi ya tano, namba 177. Kwenye mnada wetu hakuna aliyemtaja. Nilimwokota kwa dola 1, na kanuni iliniruhusu kumpa zaidi ya mwaka mmoja. Nikampa mmoja. Nilijiona mjanja, nabana miaka. Akadaka mipira 105, yadi 1,486, zote rekodi za mchezaji wa mwaka wa kwanza wakati ule. Msimu uliofuata akarudi mnadani, nikapandisha hadi 47 nikaishiwa pumzi, jamaa akaondoka naye kwa 52. Wakati nampa mwaka ule mmoja, jedwali langu lilikuwa na safu moja tu ya mshahara: msimu huu. Mwaka kesho haukuwepo kwenye skrini, kwa hiyo haukuwepo kichwani.

Tangu hapo kila zana naiuliza swali moja kwanza. Naweza kuona miaka mitatu mbele bila kuhangaika?

Hiyo programu ya simu imefeli papo hapo. Inapendeza, rangi zake tamu, inakupigia kengele mchezaji akipiga chafya. Lakini inakuonyesha kikomo cha msimu huu tu. Miaka ya mkataba iko, ila imefichwa ndani ya ukurasa wa kila mchezaji, ufungue mmoja mmoja, watu 22. Nililipia mwezi mmoja, nikaghairi.

Google Sheets ndiyo niliyoishi nayo muda mrefu zaidi. Ni bure, na kila mtu ana akaunti. Angalieni nilivyoipanga sasa. Jina, nafasi, mshahara, mwaka wa mwisho wa mkataba, halafu safu nne: 2025, 2026, 2027, 2028. Fomula ni nyepesi sana: ikiwa mwaka wa mwisho ni sawa au umepita mwaka wa safu hii, andika mshahara, vinginevyo acha wazi. Chini kabisa nina mstari wa mishahara hewa, halafu jumla, halafu kilichobaki kwenye 200. Jumla ikivuka 190, seli inageuka nyekundu. Basi. Kazi ya jioni moja.

Na angalieni kinachotokea. Ona 2027 hapa kwenye timu yangu, pamekuwa jangwa. Wachezaji sita mikataba yao inaisha pamoja 2026. Siku ile ya mnada nisingeliona hilo bila hizi safu. Maana yake 2027 nitakuwa na hela nyingi na watu hakuna, na kama wenzangu watano nao wana hela nyingi mwaka huohuo, bei itapaa mpaka mpokeaji wa kawaida tu auzwe kama mfalme. Ni bora mikataba iishe kwa kupishana.

Udhaifu wa jedwali ni mikono ya watu. Usiku mmoja mshahara wa dola 31 uligeuka 13. Kundi likawaka moto, tuhuma kila upande, mpaka mmoja akafungua historia ya matoleo. Jina lililotokea ni la kamishna, msimamizi wa ligi. Kamishna ni mimi. Nilikosea kuchapa saa saba usiku baada ya zamu. Sasa seli zote zimefungwa, mwenye timu anaruhusiwa kuandika kwenye safu ya maoni tu.

MyFantasyLeague ni tovuti ya kulipia, ligi inalipa kwa msimu. Usitegemee urembo, sura yake inakukumbusha fomu za ofisini. Lakini kila mchezaji ana sehemu nne za kujazwa: mshahara, mwaka wa mkataba, hadhi ya mkataba, na maelezo. Kuna pia sehemu ya kuongeza au kupunguza kikomo cha timu, na hapo ndipo tunapoingiza mshahara hewa. Utamu wake ni kwamba mkataba unamfuata mchezaji. Mkibadilishana, mshahara na miaka vinahama naye bila kamishna kukesha akinakili. Kwangu mimi hilo peke yake lina thamani ya ada.

Ila kanuni zenu ni zenu, hakuna zana itakayozitunga. Mifano ninayo.

Tarehe 24 Agosti 2019, Andrew Luck, kwotabeki (mrusha mpira) wa timu ya Colts, habari za kustaafu kwake zilivuja mechi ya maandalizi ikiendelea, mashabiki wake wenyewe wakamzomea akitoka uwanjani. Alikuwa na miaka 29. Siku chache kabla, mwenzetu alikuwa amemfunga miaka minne. Je, anayestaafu naye ni mshahara hewa? Kanuni yetu ilikuwa kimya. Tulipiga kura, tukamsamehe. Tukaandika: akistaafu, mkataba unafutwa. Tukajiona wanasheria. Mwaka uliofuata Rob Gronkowski, nyota mwingine wa NFL aliyestaafu Machi 2019, akarudi na kwenda zake timu ya Tampa Bay! Hakuwa na mkataba kwetu, bahati, lakini tulishtuka. Leo kanuni inasema mkataba wa mstaafu unagandishwa, akirudi anarudi kwa mwenye mkataba. Ndiyo maana naipenda ile sehemu ya hadhi kwenye MyFantasyLeague: unaandika "amegandishwa", kila mtu anaona. Kwenye jedwali nimeweka rangi ya kijivu, inafanya kazi ileile.

Mfano mwingine ni mkimbiaji Todd Gurley. Julai 2018 Rams walimwongezea mkataba wa miaka minne, dola milioni 60. Msimu huo akafunga mara 21. Machi 2020 wakamtema, hata msimu wa kwanza wa ile nyongeza haujachezwa. Hao ni watu wenye madaktari, wachambuzi na kompyuta, nao walilipa mshahara hewa. Kwa hiyo mkimbiaji kwangu ni miaka miwili, basi, labda awe chipukizi wa bei ya kutupwa. Wapokeaji na makwotabeki vijana ndio nawapa minne. Na yeyote wa dola 1 au 2 mwenye umri chini ya miaka 24 nampa miaka yote ninayoruhusiwa, maana akivurunda nusu ya dola 2 ni dola 1, hainiumizi.

Hukumu yangu. Ligi mpya, watu ambao bado hamjazoeana, anzeni na jedwali. Mechi na pointi chezeni kwenye programu ya Sleeper au popote mlipozoea, mikataba ikae pembeni. Mkishavuka msimu wa pili, biashara za kubadilishana zikawa nyingi, hamieni MyFantasyLeague, lakini jedwali la miaka minne msilitupe. Mimi natumia vyote viwili: tovuti ndiyo kumbukumbu rasmi, jedwali ndilo ninalolitazama kabla sijapandisha dau. Programu ya simu, kama unaitaka kwa ajili ya kengele tu, haya.

Nakala tupu ya jedwali nimeweka kiungo hapo chini. Bonyezeni tengeneza nakala, msiniombe ruhusa ya kuhariri ya kwangu. Seli za buluu ndizo za kujaza. Ukigusa zilizobaki umeua fomula, usinipigie simu saa saba usiku, nitakuwa zamu.