Uzoefu Wangu: Prince of Persia ya 1989 Baada ya Kucheza Warithi Wake

Prince of Persia, gemu ambayo Jordan Mechner aliitengeneza kwa ajili ya kompyuta za Apple II na ikatoka mwaka 1989, ina sharti moja tu: Jaffar, waziri mwenye uchu wa madaraka, amempa binti wa sultani saa moja aamue kuolewa naye au kufa, nawe una dakika hizohizo 60 za kutoka gerezani hadi mnarani. Ukifa unarudishwa mwanzo wa ngazi (sehemu ya mchezo) uliyokuwepo, lakini saa haikungoji. Nimeirudia katika toleo la DOS, mfumo wa kompyuta za zamani, baada ya kuwazoea warithi wake, na naona sharti hilo ndilo lililobeba gemu nzima.

Mwendo wake bado unapendeza. Mechner alimrekodi mdogo wake, David, akikimbia na kuruka, kisha akazifuatisha picha hizo katika uchoraji. Ndiyo maana shujaa hasimami ghafla, na mchezaji aliyezoea gemu za sasa atatumbukia mashimoni hadi vidole vizoee kubonyeza mapema. Penye miiba na kwenye kingo za mashimo unashikilia kitufe cha Shift ili anyate, na kila hatua ya kunyata inakula muda, hivyo pupa inakuua na uangalifu nao unaulipia.

Halafu kuna kivuli, ambacho kilibuniwa kwa sababu kumbukumbu ya Apple II haikutosha kuchora adui mpya. Shujaa anaruka na kupenya kioo, pacha wake anatoka upande wa pili, na baadaye pacha huyo anamnywea dawa ya kuongeza uhai. Wanapokutana tena kwa panga, kila jeraha unalomtia linakupata mwenyewe. Suluhisho ni kurudisha upanga alani (naomba radhi kwa kufichua, ila gemu hii ni ya zamani mno kuwa na siri).

Sands of Time ya 2003, kutoka Ubisoft, iliugeuza wakati kuwa mtumishi: jambia linarudisha nyuma sekunde chache, na ukifa, mwana wa mfalme anayesimulia kisa anajisahihisha kuwa mambo hayakwenda hivyo. Ni ubunifu wa hali ya juu, ingawa woga ulipungua. Warrior Within ya 2004 ilijaza ghadhabu na damu, na sikuimaliza kwa hamu. Katika ile ya 2008 Elika, mwenzi wako wa safari, anakudaka kila unapoanguka, nami nikaacha kabisa kupima umbali kabla ya kuruka.

Aliye karibu zaidi na mzazi ni The Lost Crown ya 2024, inayorudi kwenye mwonekano wa ubavuni na ambamo shujaa Sargon, akiwa Mlima Qaf, anaweza kuacha kivuli chake mahali kisha akakirudia. Ningemshauri mgeni aanze na hiyo. Akiigeukia ile ya 1989 kwa emuleta (programu inayoiga kompyuta ya zamani) inayoruhusu kuhifadhi mchezo popote, aiache huduma hiyo, la sivyo hatakuwa amepambana na saa ya Jaffar.