Uzoefu Wangu wa Kufunga Matairi na Tyubu Mpya kwenye Vespa PX

Vespa yangu ni PX 150, chombo nilichorithi kwa marehemu baba na ambacho hadi leo nakitumia kwa safari zangu za kila siku hapa Unguja. Matairi yake ya zamani hayakuwa vipara, na kwa kuyatazama kwa mbali ungesema yana miaka mingine mitatu, lakini ubavuni yalishaanza kupasuka mipasuko myembamba kama ya udongo uliokauka. Nilipotafuta alama ya DOT, ule msimbo wa utengenezaji ulioandikwa ubavuni mwa tairi, nikasoma tarakimu nne za mwisho, 1109, maana yake yalitengenezwa katika wiki ya 11 ya mwaka 2009. Nikaona nimeyatumikisha vya kutosha.

Mdogo wangu anayeishi Uingereza alikuwa anakuja likizo, nikamwagiza Michelin S83 mawili ya kipimo cha 3.50-10, ambacho ndicho kipimo cha PX zote tangu zilipoanza kutoka mwaka 1977. (Wenye Vespa kongwe zaidi zenye ringi ya inchi 8 watahitaji 3.50-8, kwa hiyo wasome ubavu wa tairi lao kabla ya kumsumbua ndugu wa watu.) Matairi haya ni madogo kiasi kwamba aliyaweka ndani ya begi la nguo na kujaza viatu vya watoto katikati. Tyubu sikumwagiza, kwa kuwa nilidhani tyubu ningeipata mjini bila shida.

Mjini niliipata, tena kwa bei nafuu, katika duka moja la vipuri. Kilichonipita ni kutazama valvu. Tyubu ya Vespa ina valvu iliyopinda kama kiwiko, kwa sababu tundu lake liko ubavuni mwa ringi, na mdomo wa valvu unatakiwa utokeze pembeni ambako pampu inaweza kufika. Niliyouziwa ilikuwa na valvu iliyonyooka. Muuzaji alinihakikishia kwamba zote ni sawa, na fundi wa gereji niliyompelekea chombo siku hiyohiyo alikubaliana naye: "Mzee, tairi hili ni kama tairi jingine lolote, usiwe na wasiwasi."

Tatizo ni kwamba si kama tairi jingine lolote. Ringi ya Vespa si kipande kimoja kama ya pikipiki. Ni vipande viwili vilivyokutana migongo, vikashikwa pamoja kwa nati tano, na nati nyingine tano ndizo zinazoifunga ringi kwenye ngoma ya breki. Anayejua ringi hiyo hagusi bisibisi. Fundi wangu hakuzifungua nati za kuunganisha vipande. Alikamata bisibisi mbili ndefu akalisukuma tairi juu ya ukingo kwa nguvu za mabega, huku nikiwa nimesimama pembeni kama mtu asiyejua kitu, na kweli sikujua. Ile valvu iliyonyooka aliilazimisha kupita kwenye tundu kwa kuikunja. Upepo ukajaa, nikalipa, nikaondoka nikiwa nimeridhika kabisa.

Siku ya nane, nikiwa nimempakia mke wangu njiani kwenda Bububu, nyuma ya chombo kulianza kuyumba kama mtu anayetembea juu ya mchanga mkavu. Nilipunguza mwendo polepole bila kukanyaga breki ya nyuma, tukasimama salama. Nilipoitoa tyubu nyumbani nilikuta vitundu viwili vidogo vilivyokaribiana, alama ya bisibisi bila shaka, na shina la valvu lilikuwa limeanza kuchanika pale lilipokunjwa.

Nikaagiza tyubu nyingine, safari hii nikihakikisha kwa picha kwamba ina valvu ya kiwiko, na nikaamua kazi niifanye mwenyewe. Nililegeza nati tano za ngoma kwa spana namba 13 wakati gurudumu bado liko chini, nikaegemeza injini juu ya gogo, nikalivuta gurudumu kwa upande wa kushoto. Kabla ya kugusa nati za kuunganisha vipande, nilichomoa kisindano cha ndani ya valvu na kusubiri mpaka upepo wote utoke. Hapa sitanii na msomaji: nati hizo zikifunguliwa tairi likiwa na upepo, vipande vya ringi hufyatuka kwa nguvu ya kumjeruhi mtu vibaya.

Ndani ya ringi nilikuta kutu ya hewa yetu ya pwani, iliyoota hasa kwenye ukingo ambapo vipande viwili hukutana, yaani mahali hasa tyubu inapolalia. Nilisugua kwa brashi ya waya, nikalainisha kwa msasa, nikapaka rangi na kuiacha ikauke hadi kesho yake. Nadhani hatua hii ndiyo iliyonifaa kuliko zote, na hakuna gereji itakayokufanyia kwa bei ya pancha.

Kufunga kwenyewe kulichukua chini ya nusu saa. Niliipaka tyubu poda ya watoto, nikaiweka ndani ya tairi, kisha nikaijaza upepo kidogo tu, kiasi cha kuifanya iwe mviringo bila kuvimba. Tyubu isiyo na upepo hulegea na kujipenyeza katikati ya vipande vya ringi, nawe huioni. Nilipitisha valvu kwenye tundu lake, nikakutanisha vipande na kuanza kubana nati kwa vidole. Kwenye nati ya tatu nikaona kwenye mwanya kitu cheusi chembamba, kama uzi: ni tyubu, imeshaanza kubanwa. Nililegeza, nikairudisha ndani kwa kidole, nikabana upya kwa kurukaruka, moja huku na nyingine upande wa pili, mpaka mwanya ukaisha pande zote.

Kuhusu upepo, najaza 18 psi (pauni kwa inchi ya mraba) mbele na 26 nyuma, na nikimpakia mtu nyuma inapanda hadi 36. Wenye pampu za barabarani hupenda kujaza 40 kote, na kwa tairi dogo namna hii chombo huanza kurukaruka kwenye kila shimo, kwa hiyo nimenunua kipimo changu.

Tairi lenyewe sina neno nalo. Ubavuni limeandikwa 59J, yaani linabeba kilo 243 kwa mwendo wa hadi kilomita 100 kwa saa, zaidi ya ninachohitaji, na katika mvua za masika zilizopita halikuniteleza hata kwenye mizunguko yenye mchanga. Tyubu ya kiwiko sasa ina miezi mitano na haijapoteza upepo wa kunishughulisha. Ile ya kwanza nimeikata vipande vya mpira, ninafungia navyo mizigo kwenye keria.